Pumzi ya Kwenda na Kurudi: Ala za Mianzi za Asia ya Mashariki

Sheng, ala ya muziki ya Kichina inayopigwa kwa pumzi, kwa anayeitazama mara ya kwanza, hufanana na kichala cha mianzi kilichochomekwa ndani ya kibuyu, na zamani hivyo ndivyo ilivyokuwa hasa. Wachina wa kale walipozigawa ala zao kwa kufuata kitu kilichoziunda, sheng waliiweka katika fungu la kibuyu. Katika kaburi la Mtawala Yi wa Zeng, dola ndogo ya China ya kale, lililochimbuliwa mwaka 1978 huko Suizhou, mkoani Hubei, zilikutwa sheng zilizozikwa pamoja naye yapata mwaka 433 KK.

Siri ya ala hii imo chini ya kila mwanzi unaolia. Hapo hukaa kibati chembamba cha madini kilichokatwa pande tatu, hata ukabaki ulimi mdogo unaocheza ndani ya upenyo wake bila kugusa kingo. Kwa kuwa ulimi huo uko huru kwenda na kurudi, hulia vilevile mpigaji anapopuliza na anapovuta pumzi. Mpiga nzumari wa pwani yetu hulazimika kuhifadhi hewa mashavuni huku akivuta nyingine puani ili sauti isikatike. Mpiga sheng hana haja hiyo. Isitoshe, kila mwanzi una tundu ambalo likiwa wazi mwanzi hukaa kimya, na likizibwa kwa kidole ndipo hulia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kutoa sauti kadhaa kwa mara moja.

Wamiao wa kusini mwa China, pamoja na ndugu zao Wahmong wa Laos na Vietnam, wana ala ya jamii hiyo yenye mianzi sita, ambayo Wahmong huiita qeej. Lugha yao hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na qeej huufuata mpando huo, hata wajuzi wakasikia maneno ndani ya muziki. Msibani mpigaji huzunguka huku ameinama, akimweleza marehemu njia ya kurudi, mahali kwa mahali alipopata kuishi, mpaka alipozaliwa na hatimaye kwa wahenga wake. Kuiita qeej burudani ni kuikosea heshima.

Ulaya nayo ilinufaika. Katika karne ya 18 padri Mfaransa Joseph-Marie Amiot, aliyeishi Beijing, alipeleka sheng Paris, na mwaka 1829 fundi wa ala Cyrill Demian alipata hataza ya akodioni huko Vienna. Akodioni tunayoisikia katika taarabu ya Zanzibar hulia kwa ulimi huru wa aina hiyohiyo.

Lakini ninayoipenda kuliko zote ni shō ya Japani, iliyotoka China enzi ya ukoo wa kifalme wa Tang. Hazina ya Shōsōin mjini Nara ingali inahifadhi ala za jamii hii za karne ya 8. Shō ina mianzi 17, ambayo miwili kati yake hailii bali hukamilisha umbo linalosemwa kuwa ni mabawa yaliyokunjwa ya feniksi, ndege wa hadithi za kale. Katika gagaku, muziki wa kasri la mfalme, sauti zake husemwa kuwa ni nuru ishukayo kutoka mbinguni.

Nuru hiyo hutunzwa kwa moto. Pumzi ya mtu ina unyevu, na unyevu ukitua juu ya ulimi huuharibia sauti. Kwa sababu hiyo mpigaji huigeuzageuza shō juu ya jiko dogo la makaa, siku hizi jiko la umeme, kabla ya kupiga na kila apatapo nafasi. Fundi naye huupaka ulimi unga wa jiwe la kijani la malakiti, kisha huweka tone la nta yenye madini ya risasi kwenye ncha ili kuurekebisha. Mianzi inayothaminiwa zaidi ni ile iliyokaa miaka mingi darini mwa nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, ikikaushwa na moshi wa jiko la ndani. Nyumba hizo zinazidi kupungua mashambani mwa Japani, na zinapobomolewa, mafundi huitafuta mianzi yake.