Kelele za asubuhi kwenye Hilux ya zamani: oili nzito si dawa

Ukiwasha Hilux ya zamani ya petroli asubuhi, ikakwaruza kama mnyororo ndani ya debe kwa sekunde mbili tatu kisha ikanyamaza, utaambiwa: weka oili nzito. Ushauri huu una umri mkubwa kuliko baadhi ya mafundi wanaoutoa, na kwa 22R, injini ya petroli iliyofungwa kwenye Hilux nyingi za zamani, unaweza kuongeza tatizo.

Injini hiyo huzungusha kemshafti, yaani shafti inayofungua vali, kwa cheni, si mkanda. Cheni hukazwa na tenshena inayosukumwa na presha ya oili. Gari likilala, presha huisha. Likiwashwa, cheni hucheza mpaka oili ifike. Sasa oili nzito, tena ya baridi, ndiyo inayochelewa zaidi kufika.

Anza na filta ya oili, maana ni rahisi. Filta nzuri ina vali ya mpira inayozuia oili kurudi chini usiku. Nyingi za bei ya kutupa haziizuii vizuri.

Kelele ikibaki, fungua kava la vali, lile la juu ya injini, umulike cheni kwa tochi. Matoleo ya katikati ya miaka ya 1980 na kuendelea yana vipande vya plastiki vinavyoiongoza. Vikivunjika, cheni hukwangua kava la mbele, na likitoboka maji ya rejeta huingia kwenye oili. Hapo injini nzima iko hatarini.

Mlio mzito wa kugonga usiokoma hata injini ikipata moto, unaozidi ukipanda mlima na mzigo, ni habari nyingine: hapo shuku beringi za ndani ya injini.