Historia ya jukwaani: tamthilia ya kigeni ikihamia nchi nyingine

Historia ya jukwaani ya tamthilia ni habari za maonyesho yake: nani aliiongoza, mwaka gani, mji gani, kwa lugha ipi, mbele ya watu gani, na kipi kilikatwa au kuongezwa wakati wa mazoezi. Maisha ya mwandishi hayamo humo, wala mambo ya kitabu. Kitabu hukaa kabatini miaka na miaka bila herufi kuhama, huku mchezo wenyewe ukitoka na sura mpya kila unapochezwa. Sura hizo huachana zaidi mchezo ukivuka mpaka, maana ugenini unakutana na mtazamaji ambaye mwandishi hakumwazia kabisa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Nora. Henrik Ibsen wa Norwe aliandika tamthilia Et dukkehjem (Nyumba ya mwanasesere), ambayo Nora ndiye mhusika mkuu wake, nayo ikaonyeshwa mara ya kwanza Copenhagen, Desemba 1879. Mwishoni Nora anamwacha mume na watoto watatu, anatoka, na mlango unafungwa nyuma yake. Mwaka 1880 mchezo ukafika Ujerumani. Mwigizaji mashuhuri Hedwig Niemann-Raabe akakataa mwisho ule, akisema yeye asingeweza kuwaacha watoto wake. Sheria ya wakati huo haikumlinda Ibsen huko. Akaona afadhali aharibu kazi yake kwa mkono wake mwenyewe kuliko kuwaachia wengine: akaandika mwisho ambamo Nora anaburutwa hadi mlangoni mwa chumba cha watoto, nguvu zinamwishia, anabaki. London mwaka 1884 walifika mbali zaidi, wakabadilisha jina la mchezo na majina ya wahusika, na mke hakuondoka. Londoni hiyohiyo ilisubiri hadi 1889, Janet Achurch alipomcheza Nora anayeondoka. Huko China mchezo ulichezwa mara nyingi sana mwaka 1935 hata mwaka ule ukaitwa mwaka wa Nora.

Ukisoma kitabu peke yake hutayaona haya. Maonyesho ndiyo yanayokuambia watu wa Ujerumani na Uingereza waliogopa nini siku zile, na vijana wa China walikuwa na njaa ya nini.

Sasa tuje kwetu Lubumbashi, Kongo. Jengo tunaloliita 30 Juin lilijengwa miaka ya 1950 liwe teatre ya mji, enzi za ukoloni mji ulipoitwa Élisabethville, na baadaye bunge la jimbo likakaa humo. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa, Wazungu upande wao na Waafrika katika cité, yaani mitaa yao. Kwa hiyo anayetafuta historia ya mchezo wowote wa Ulaya uliochezwa hapa zama hizo aanze na swali la nani aliruhusiwa kuketi ukumbini. Ubora wa waigizaji atauuliza baadaye.

Jambo linalonigusa zaidi ni pale mchezo wa kigeni unapokuwa unatuhusu sisi. Aimé Césaire, mtu wa Martinique, alichapisha Une saison au Congo, tamthilia inayomhusu Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito kuuawa Shilatembo, nje ya mji wetu, tarehe 17 Januari 1961. Mwaka 2013 pekee mchezo huo uliongozwa na Christian Schiaretti huko Villeurbanne, Ufaransa, na Joe Wright huko London katika ukumbi wa Young Vic, Chiwetel Ejiofor akiwa Lumumba. Mtazamaji wa London anaifuata kama hadithi ya nchi ya mbali. Mtazamaji wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anajua barabara inayokwenda Shilatembo, na pengine nyumbani kwao kuna mzee asiyependa habari hizo zitajwe. Maneno ni yaleyale, lakini kimya cha ukumbi hakiwezi kuwa kimoja, na kimya hicho nacho ni sehemu ya historia ya jukwaani.

Ugumu wa kwetu ni ushahidi. Ulaya mtafiti anafungua masanduku ya afishi, programu na tahakiki za magazeti. Hapa teatre iliyopendwa zaidi na watu, ile ya kundi la Mufwankolo kwa Kiswahili cha Lubumbashi, haikuandikwa kwanza: wachezaji walikubaliana kisa, wakajaza maneno wenyewe. Mchezo wao wa 1986, Le pouvoir se mange entier (madaraka huliwa mazima), tunaufahamu kwa undani kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwepo mazoezini, akarekodi, akachapisha kitabu mwaka 1990. Michezo mingine mingi imebaki vichwani mwa wazee waliocheza.

Ndiyo maana nasisitiza maonyesho madogo yahesabiwe. Mfaransa Molière alipotoa L'Avare (Bahili) mwaka 1668 alikuwa amechukua kisa cha Mroma Plautus, kwa hiyo hata Paris mchezo ule ulikuwa na asili ya ugenini. Wanafunzi wa mitaa yetu ya Kamalondo au Ruashi wakiucheza kwa Kifaransa, na bahili akageuka kuwalaumu wezi wake kwa Kiswahili, onyesho hilo linastahili mstari wake katika orodha: tarehe, ukumbi, lugha, nani aliongoza, watu walicheka wapi. Nyuma ya picha moja nafasi inatosha, ilimradi aliyekuwepo aandike kabla hajasahau.