Simu inaongea, nukta nundu za nini tena?

Juzi nimeulizwa tena, safari hii na mtu anayefundisha kompyuta: "Simu yako si inakusomea kila kitu? Sasa hicho kionyeshi cha nukta nundu cha nini?" Kionyeshi hicho ni kifaa kinachoinua vinundu vya breli, ndiyo nukta nundu, ili asiyeona asome kwa vidole maandishi yaliyo kwenye simu. Kwa mdomo nimeshajibu mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naandika.

Kusikiliza na kusoma ni mambo mawili. VoiceOver, kisoma skrini cha iPhone kinachotamka yaliyo kwenye skrini, ikinitamkia jina la mtu nisiyemjua, sijui kama ni Aisha au Aysha. Anwani ya tovuti ikisomwa, kistari na mkwaju vinapita kabla sijavidaka. Nywila ya herufi na tarakimu nane nitaisikiliza mara tatu, na bado nitakosea. Chini ya vidole imetulia palepale mpaka mimi mwenyewe niiondoe. Na yupo asiyeona wala asiyesikia. Huyo simu inayoongea inamsaidia nini?

Kuunganisha hakuna ugumu. Washa VoiceOver, au TalkBack kama simu ni ya Android, fungua mipangilio yake ya breli, chagua kifaa kwa Bluetooth. Kwenye iPhone, kitufe cha mwanya cha kionyeshi kikibonyezwa pamoja na cha nukta ya 4 kinakupeleka kitu kinachofuata, mwanya na nukta ya 1 unakurudisha nyuma.

Kazi iko kwenye kurasa zenyewe. Kionyeshi changu kina seli 20, yaani nafasi 20 za kuweka alama za breli. Ukurasa mzima, hata uwe na urefu gani, unapita kwenye tundu la herufi 20. Ukianza na menyu ya viungo 30, naivuka kiungo kwa kiungo kabla sijafika kwenye habari, isipokuwa mtengenezaji aliweka vichwa vya kweli, yaani vilivyotambulishwa kuwa vichwa ndani ya msimbo wa ukurasa. Hapo naiweka rota, kiteuzi cha VoiceOver cha aina ya vitu vya kurukia, kwenye vichwa, nabonyeza mwanya na nukta ya 6, nimefika. Watengenezaji, nawasihi: kukuza herufi na kuzikoleza hakufanyi kichwa! Machoni kinafanana na kichwa, ila kisoma skrini kinakiona ni aya kama aya nyingine, nami napapasa menyu yote. Na kitufe kisicho na jina kinaniletea neno "kitufe" tupu. Cha kutuma au cha kufuta? Nibonyeze nijue?

Kuna jambo jingine ambalo wafundishaji hulipita haraka, nalo ni daraja la pili, yaani breli ya mikato ambayo kundi la herufi hufungwa kwa alama fupi; daraja la kwanza ni herufi kwa herufi. Wengi wetu simu zimewekwa kwenye daraja la pili la Kiingereza, halafu tunasoma Kiswahili. Simu haibagui. Ikikutana na "kuandika", inaona "and" katikati na kuifunga kwenye seli moja, nukta 1-2-3-4-6. Herufi nane zimekuwa seli sita. "Nyingine" inapata alama ya "ing" na ya "in", inabaki na seli tano. "Shamba" inaanza na alama ya "sh". Aliyejifunza Kiswahili kwa daraja la kwanza anaposhika mstari huo anadhani kifaa kimeharibika, na nimeona watu wakikirudisha kifaa kizima kabisa kabatini kwa sababu hiyo tu. Tiba ni kubadili jedwali la breli, yaani lugha na daraja ambalo simu inaandikia, kwenye mipangilio, kazi ya dakika moja, lakini lazima mtu akwambie jedwali lipo.

Sasa niseme ukweli ambao siusemi darasani. Mimi mwenyewe nasoma Kiswahili kwa mikato hiyo ya Kiingereza. Kwenye seli 20, kila seli ninayookoa inanipunguzia kusukuma mstari, na vidole vyangu vimeizoea "and" ndani ya "kuandika" kiasi kwamba siihisi tena kama neno la kigeni. Wanafunzi nawaanzisha kwa daraja la kwanza, herufi kwa herufi, wajue tahajia. Wakifika mahali pa kutaka kasi wananiuliza wafanye nini, na jibu langu limebadilika zaidi ya mara moja. Wiki hii nawaambia wabaki kwenye la kwanza.