Yule chura wa bronzi sio wa uchawi jamani
Ukipost picha ya chura wa bronzi wa Padua, Italia, wa miaka ya 1500, mdomo wazi, mgongo umejaa vinundu, komenti ya kwanza lazima iwe "hicho cha kichawi". Hapana bana, wengi ni vidau vya wino tu, vilikaa mezani kwa wasomi. Na huo ubaya wa sura mara nyingine mafundi hata hawakuubuni, walichukua chura halisi aliyekufa wakamfunika na udongo, wakachoma akawa majivu, wakamwaga bronzi palepale alipokuwa, ndo maana kila kinundu kipo (maskini chura). Madude ya kubuni yalikuwepo pia, kama lile la baharini la mchongaji Severo da Ravenna, lililobebeshwa Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, mgongoni.