Mafunzo ya matumizi bora ya ardhi na wanyamapori vijijini: maana yake nini?

Kwa kifupi, ni kumfundisha anayelima au kufuga jirani na wanyamapori namna ya kupanga ardhi yake ili impe chakula na kipato leo, iendelee kumpa miaka ijayo, na wanyama nao wabaki na pa kula na pa kupita. Hiyo ndiyo maana inayoandikwa kwenye vipeperushi vya miradi, na ukiishia hapo utadhani ni somo la kuwapenda tembo. Sivyo. Aliyekesha akilinda mahindi yake hana haja ya mtu wa mjini kuja kumwambia tembo ni urithi wa taifa. Anataka kujua nani ana mamlaka ya kuamua mashamba yaishie wapi, uamuzi huo unaandikwaje hadi uwe na nguvu ya sheria, na faida yake itamfikia kwa njia gani.

Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na sheria inaigawa katika makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya hifadhi na ardhi ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, lakini wenye kauli kwenye mambo makubwa ni mkutano mkuu, yaani wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa hiyo somo la kwanza la mafunzo haya, likifundishwa vizuri, ni kwamba mtendaji na mwenyekiti hawawezi kumega mbuga ya malisho na kumpa mwekezaji kwa makubaliano ya watu wawili. Somo hili ndilo linalorukwa mara nyingi. Wataalamu huanza na chati za mmomonyoko wa udongo, posho zinagawiwa, chai inanyweka, na washiriki ni walewale waliohudhuria semina iliyopita.

Kazi yenyewe hufanyika kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Wanakijiji hukagua mipaka na majirani, huchora ramani ya mahali walipo, kisha hukubaliana makazi yawe wapi, mashamba wapi, malisho ya kiangazi wapi, na ushoroba wa wanyama upite wapi. Makubaliano hayo huingizwa kwenye sheria ndogo, ambazo huhitaji kupitishwa na halmashauri ya wilaya. Mwanamke anayechota maji na kijana anayechunga mbuzi wanajua mapito ya tembo kuliko mzee aliyeketi mbele ya ukumbi. Kikao kisipowasikiliza, ramani itatoka nzuri na isifanane na kijiji.

Historia ya nchi imetuachia mifano miwili ambayo kila mkufunzi angepaswa kuanza nayo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973 kupambana na makorongo. Mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe kwenye eneo la Kondoa lililokuwa limeharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Uoto ulirudi kweli, tena kwa kasi. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka, walihamia kwenye nyanda za jirani na kuzielemea.

Shinyanga walikwenda kwa njia nyingine. Miti ilikuwa imefyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuangamiza mbung'o, kisha kupisha pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, baada ya majaribio ya kugawa miche uligundua kwamba Wasukuma tayari walikuwa na dawa yao: ngitili, eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua na kufunguliwa kiangazi majani yakiwa yameadimika. Wataalamu wakaanza kufundisha kwa kutumia ngitili, huku dagashida, yaani baraza la jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi, wakisimamia adhabu kwa waliovunja utaratibu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudi kuwa ngitili. Hapo mwalimu ni nani na mwanafunzi ni nani?

Wilayani Simanjiro, mkoani Manyara, swali hilo ni gumu zaidi. Mvua zikianza, nyumbu na pundamilia huiacha Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na kwenda kuzaa kwenye nyanda za Simanjiro, kwa kuwa majani ya huko yana madini wanayoyahitaji wanyama wanaonyonyesha. Nyanda hizo ni ardhi ya vijiji. Wamaasai nao huondoa ng'ombe pale nyumbu wanapozaa, maana ndama wa nyumbu hubeba virusi vinavyoua ng'ombe, kisha hurudi baadaye. Hakuna mradi uliowafundisha hilo. Jambo jipya lililowafikia lilikuwa shinikizo la mashamba makubwa, na jibu mojawapo likapatikana katikati ya miaka ya 2000 katika kijiji cha Terrat: kampuni za utalii zilikubali kukilipa kijiji kila mwaka ili nyanda zisilimwe, wafugaji wakiendelea kuchunga. Elimu iliyohitajika hapo ilikuwa ya mkataba na daftari la mapato.

Kuna pia ujuzi wa mikono. Karibu na Tarangire wafugaji hupanda miti ya oltemwai kuzunguka zizi na kuifunga wavu wa chuma, na miti ikikua huwa nguzo zisizooza. Boma hilo huwazuia simba na fisi usiku. Wakulima huzungushia mashamba kamba zenye vitambaa vilivyochovywa kwenye oili chafu na pilipili, au hutundika mizinga ya nyuki kwenye waya ili tembo akiugusa nyuki watoke. Mkufunzi mkweli husema pia kasoro zake: vitambaa vinataka kupakwa upya mvua ikinyesha, na nyuki huhama mizinga maua na maji yakikosekana. Mazao yakiliwa licha ya yote hayo, mkulima anapaswa kujua kwamba anacholipwa na serikali ni kifuta jasho, si fidia ya hasara yote, na kwamba asipotoa taarifa mapema ili uharibifu ukaguliwe, hata hicho hatakipata.

Wapo wanaosoma zaidi. Chuo cha Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, huwafunza askari wa wanyamapori wa vijiji, vijana wanaochaguliwa na vijiji vyao kufanya doria. Hao ndio tegemeo la jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, zinazoundwa na vijiji, kama ile ya Burunge, inayolinda mapito kati ya Tarangire na Manyara. Kumfunza askari bila kufunza kamati ya fedha inayopaswa kumlipa ni kazi nusu, na mishahara inayochelewa imewavunja moyo wengi.

Kenya, mwenye ardhi ana sura nyingine. Kule Maasai Mara ranchi za kundi, yaani ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja, ziligawanywa na familia zikapata hati zao, kwa hiyo hifadhi kama Naboisho, iliyoanzishwa mwaka 2010, hukodi viwanja kutoka kwa mamia ya wamiliki. Wanachopaswa kujifunza ni kusoma mkataba wa ukodishaji kabla ya kutia sahihi: unadumu miaka mingapi, malipo yanapanda lini, ng'ombe wataruhusiwa kuchunga miezi gani, na watalii wasipokuja itakuwaje. Hilo la mwisho lilionekana la kufikirika hadi mwaka 2020, ndege zilipoacha kutua na wamiliki wengi wakapunguziwa malipo ya ukodishaji.