Panya wako anasikia baridi

Niko Uyole kwa likizo ya Julai, na asubuhi mama amenitolea koti la marehemu babu kabla hata sijaomba. Baridi ya Mbeya imenikumbusha kosa nililolifanya nilipoanza kazi yangu ya ughaibuni: kupiga picha za PET za panya wa maabara, yaani picha zinazoonyesha ndani ya mwili dawa yenye mionzi imekwenda wapi.

Tunamdunga panya sukari iliyobeba florini-18, florini yenye mionzi ambayo nusu-uhai wake (muda wa nusu yake kuisha) ni dakika 110. Seli zenye uchu wa sukari, za saratani zikiwamo, huinyonya. Florini hiyo hutoa positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji chanya, nayo ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka na kuacha fotoni (chembe za mionzi) mbili zinazopeana mgongo. Mashine hunasa fotoni hizo. Panya ana gramu 25 hivi, na positroni hutangatanga zaidi kidogo ya nusu milimita kabla ya kutoweka, kwa hiyo picha ikiwa mbovu kila mtu huilaumu mashine.

Nami niliilaumu. Uvimbe tuliokuwa tunautafuta ulionekana kama moshi, huku katikati ya mabega pakiwaka kama taa. Nilimaliza karibu wiki mbili nikihangaika na programu inayounda picha. Nikiongeza mizunguko ya hesabu, chenga zinajaa. Nikitia kichujio, chenga zinapungua na uvimbe unafifia nao.

Mlezi wa wanyama ndiye aliyeniuliza chumba changu kina nyuzi ngapi. Ishirini na mbili. Kwetu hiyo ni raha. Kwa panya ni Makete mwezi wa Juni. Yeye hutulia kwenye nyuzi 30 hivi. Mwili mdogo hupoa upesi, kama kiazi kidogo kinavyopoa kabla ya kikubwa mkivitoa sufuria moja. Ili asigande, panya huchoma sukari kwenye mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega (vichanga wetu nao wanayo). Ile taa yangu lilikuwa jiko lake! Sukari iliyokwisha kuingia jikoni hakuna programu itakayoirudisha kwenye uvimbe.

Siku hizi namtia joto nusu saa kabla ya sindano, na saa nzima ya kusubiri baada yake. Hapa wengi hukosea: wanategemea kitanda chenye joto cha mashine, wakati panya anapokifikia sukari imeshagawanywa zamani. Chakula namnyima saa kadhaa, maji simnyimi, maana sukari ya damu hushindana na ile ya sindano. Dawa ya usingizi nayo humpoza, basi kipimajoto hakimtoki. Mkia nauchovya kwanza kwenye maji ya uvuguvugu ili mshipa wa kudungia upanuke. Sukari ya sindano ikivuja pale, vipimo vyote vinavyofuata ni uongo. Taa za joto sizipendi, huunguza upande mmoja.

Nimemweleza mama haya yote. Akauliza, "Kumbe wanakulipa kuwaotesha panya moto?" Nikaitika ndiyo, akanisogezea jiko la mkaa.