Kupe si mdudu, na mchwa si sisimizi

"Kila kijitu chenye miguu mingi ni mdudu." Si kweli. Arithropoda, yaani kundi kubwa la vinyama hawa wote, wana gamba gumu la nje, mwili wa pingili na miguu yenye viungo, ila wadudu ni kundi moja tu ndani yao: miguu sita, jozi moja ya vipapasio, na mwili wa kichwa, kifua na tumbo. Buibui, nge, kupe na utitiri wana miguu minane, hawana vipapasio wala mabawa. Kaa na kamba wana jozi mbili za vipapasio. Kosa hili ni la zamani: mwaka 1758 Carl Linnaeus mwenyewe, mwanasayansi wa Uswidi aliyeweka msingi wa kuainisha viumbe, aliwaorodhesha buibui, kaa na tandu pamoja na wadudu.

"Tofauti hizo ni za mtihani tu." Hapa ndipo watu wanapopata hasara. Nyanya zinaota vidoti vya njano, chini ya jani pana utando mwembamba, na ukitazama kwa lenzi unaona vinyama vyekundu vikitembea. Huo ni utitiri. Mkulima ananunua dawa ya wadudu na kupuliza. Nyingi ya dawa hizo haziui utitiri, lakini zinaua maadui wake wanaomla, kwa hiyo baada ya muda unarudi kwa wingi kuliko mwanzo. Kabla ya kulipa, soma kibandiko: kitaje utitiri kwa jina.

"Hesabu miguu, basi." Inasaidia, lakini kupe aliyetoka tu kwenye yai ana miguu sita, minane huipata akishajivua gamba. Kiwavi naye anaonekana ana mingi, ilhali ya kweli ni sita ya mbele, iliyochongoka. Ile minene ya nyuma ni nyama tu ya kushikilia jani.

"Mchwa ni aina ya sisimizi." Mvua za kwanza zikinyesha, mkamate kumbikumbi mmoja umtazame vizuri. Mabawa yake manne yana urefu mmoja, kiuno ni kinene, na vipapasio vimenyooka kama uzi wa shanga. Sisimizi mwenye mabawa ana kiuno kilichobanwa, vipapasio vilivyopinda, na mabawa ya mbele marefu kuliko ya nyuma. Ndugu wa sisimizi ni nyuki na nyigu. Mchwa ni wa ukoo wa mende, jambo lililothibitishwa kwa vinasaba mwaka 2007.

"Tandu ana miguu mia na sumu mkiani." Jozi za miguu ya tandu mzima huwa witiri daima, kwa hiyo mia kamili haiwezekani. Sumu iko mbele, kwenye makucha yaliyo chini ya kichwa. Jongoo ana jozi mbili kwa karibu kila pingili. Mmoja wa Australia, aliyetangazwa mwaka 2021, ana miguu 1,306.

"Kamba hahusiani kabisa na panzi." Wadudu walichipuka ndani ya ukoo ule ule wa kaa na kamba, hivyo kamba yuko karibu na panzi kuliko buibui alivyo. Hata protini ya misuli yao inafanana, ndiyo maana mwenye mzio wa kamba anapaswa kuwa mwangalifu anapokaribishwa senene.